Kumbukumbu Hujengwa Upya Kila Inapoitwa

Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Asubuhi iliyofuata mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory karatasi za maswali, ili kila mmoja aeleze kwa mkono wake jinsi alivyozipata habari hizo: alikuwa wapi, na nani, akifanya nini, na ni nani aliyemwambia. Karatasi zikahifadhiwa. Miaka miwili na nusu hivi ilipopita, Neisser na mwenzake Nicole Harsch waliwaita wanafunzi 44 kati ya wale na kuwauliza maswali yaleyale. Kumi na mmoja hawakupatia hata jambo moja kati ya yale makuu yaliyokuwa yakipimwa. Mwanafunzi mmoja aliyeandika, siku moja tu baada ya tukio, kwamba alikuwa darasani katika somo la dini watu wakaingia na kuanza kulizungumzia, sasa alisimulia kwamba alikuwa bwenini akitazama televisheni na mwenzake wa chumba, taarifa ya dharura ikatangazwa, akashtuka, akapanda orofani kwa rafiki yake, kisha akawapigia wazazi simu.

Walipotakiwa kutaja uhakika wao kwa kipimo cha 1 hadi 5, wastani ulizidi 4. Hata walipooneshwa karatasi zao za awali hakuna aliyepiga kofi pajani na kusema kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mwandiko waliutambua kuwa ni wao. Masimulizi yaliyomo hayakuwaamshia chochote. Kumbukumbu ya kwanza ilikuwa imeondoka, na iliyokuja mahali pake ilikuwa na mpangilio, rangi na hisia zote za jambo lililotokea kweli.

Wengi wetu huzungumza juu ya kumbukumbu kana kwamba ni ghala: kitu huwekwa, hukaa, hutolewa, na kikipotea basi kimefunikwa na vumbi mahali fulani. Utafiti wa miongo ya karibuni unaelekea kwingine. Kukumbuka ni kazi ambayo ubongo huifanya upya kila mara, na wakati kazi hiyo inafanyika, kinachokumbukwa huweza kubadilika. Sifa hii moja ndiyo inayomfanya shahidi mkweli ampeleke gerezani mtu asiye na hatia, na ndiyo hiyohiyo inayowapa waganga wa magonjwa ya akili tumaini la kuilegeza hofu iliyomshika mgonjwa kwa miaka mingi. Mambo hayo mawili huandikwa mbalimbali, kama hayahusiani, na hapo ndipo somo hili huwachanganya wasomaji.

Tuanze na mahali. Mwaka 1953, huko Hartford nchini Marekani, daktari William Scoville alimpasua kichwa kijana wa miaka 27, Henry Molaison, ambaye kifafa kilikuwa kimemzuia kufanya kazi yoyote ya maana. Aliondoa sehemu za ndani za ubongo katika pande zote mbili za kichwa, juu kidogo ya usawa wa masikio, ikiwamo sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo kilichojikunja ambacho waliokipa jina waliona kinafanana na samaki aitwaye farasi wa baharini. Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku hiyo Molaison hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za maisha yake. Aliwakumbuka wazazi wake na utoto wake, akili yake ya kawaida haikupungua, na mazungumzo aliyaweza. Ila mtu aliyezungumza naye akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, alimpokea kama mgeni.

Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyeanza kumchunguza katika miaka hiyo, alimpa siku moja nambari 584 aishike kichwani, akamwacha peke yake. Aliporudi baada ya robo saa, Molaison alikuwa bado nayo. Alieleza kwamba 5, 8 na 4 zikijumlishwa ni 17. Ukiikumbuka 8 na kuitoa, inabaki 9, nayo inagawanyika kuwa 5 na 4. Muda wote alikuwa akiizungusha hesabu hiyo akilini bila kuiachia. Dakika moja baadaye, fikra zake zilipokwisha kuvutwa kwingine, hakukumbuka nambari wala kwamba aliwahi kupewa nambari. Kwa upande mwingine, alipofundishwa kuchora nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomkanganya kila mtu mwanzoni, aliendelea kuwa stadi siku hadi siku kwa siku tatu, ingawa kila siku aliamini kwamba ndiyo mara yake ya kwanza. Mkono ulijifunza, mwenye mkono hakujua.

Tangu ripoti ya Scoville na Milner ilipochapishwa mwaka 1957, haikuwezekana tena kuzungumza juu ya kumbukumbu kama kitu kimoja. Kushika jambo kwa sekunde chache, kukumbuka tukio, na kuujua ustadi wa mkono ni kazi tofauti zinazotegemea sehemu tofauti za ubongo. Molaison alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 82, baada ya kuchunguzwa kwa zaidi ya nusu karne na watu ambao hakuweza kuwakumbuka, na kwa maoni yangu hakuna mtu mmoja ambaye sayansi ya ubongo inamdai shukrani kuliko yeye.

Sasa tuje kwenye jinsi kumbukumbu inavyoshikamana. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva, au nyuroni, takriban bilioni 86, nazo huwasiliana kwenye viunganisho viitwavyo sinapsi. Tukio linapotugusa, baadhi ya seli huwaka pamoja, na sinapsi zilizo kati yake huimarika, hivi kwamba baadaye ikiwaka moja, nyingine huwa tayari kuwaka. Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2000, alionesha kwa kutumia konokono wa baharini mwenye nyuroni kubwa zinazoonekana vizuri kwamba uimarishaji huo una hatua mbili. Kumbukumbu ya muda mfupi hutumia protini ambazo tayari zimo ndani ya seli. Ya muda mrefu huhitaji jeni ziamshwe, protini mpya zitengenezwe, na hata viunganisho vipya viote. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Ndiyo maana mtu aliyegongwa kichwa katika ajali huweza kupoteza kumbukumbu ya yale yaliyoitangulia ajali kwa muda mfupi huku ya mwaka uliopita yakibaki salama: yale ya karibuni yalikuwa bado hayajakauka.

Dhana hii ya kumbukumbu inayohitaji muda ili ikauke, kama saruji, ilipendekezwa na Georg Müller na Alfons Pilzecker huko Ujerumani mwaka 1900, na kwa karibu karne nzima iliaminiwa kwamba saruji ikishakauka habari imekwisha. Mwaka 1968 watafiti waliotumia panya waliripoti matokeo yaliyopingana na imani hiyo, lakini hayakutiliwa maanani sana. Mwaka 2000 ndipo Karim Nader, akiwa katika Chuo Kikuu cha New York pamoja na Glenn Schafe na Joseph LeDoux, walipofanya jaribio lililowalazimu wenzao kulirudia swali.

Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi. Panya alisikilizishwa mlio, kisha akapigwa mshtuko mdogo wa umeme miguuni. Panya hujifunza jambo hilo haraka: mlio ukisikika tena, huganda pale alipo, asitikisike. Siku moja baadaye, hofu ikiwa imekwisha kukaa, alisikilizishwa mlio mara moja bila umeme ili akumbuke, na mara hiyo akadungwa dawa inayozuia utengenezaji wa protini, iitwayo anisomaisini, moja kwa moja katika amigdala, kiini cha ubongo kinachoshughulika na hofu. Kama kumbukumbu ilikuwa imekauka, dawa haikuwa na la kuzuia. Lakini kesho yake mlio uliposikika, panya yule alikuwa karibu kama asiyewahi kufundishwa chochote. Panya aliyepewa dawa bila kukumbushwa kwanza aliendelea kuganda, na vivyo hivyo yule aliyepewa dawa saa sita baada ya kukumbushwa. Matokeo hayakubadilika hata pale wiki mbili zilipopita kati ya mafunzo na kukumbushwa.

Maana yake ni kwamba kukumbuka kuliilegeza kumbukumbu, na ili ikae tena ilihitaji protini mpya kama siku ilipoanza. Mwendo huu tunaweza kuuita uimarishaji upya. Kwa saa chache baada ya kuitwa, kumbukumbu huwa wazi: inaweza kuimarishwa, kupunguzwa, au kuchanganywa na jambo jingine, kisha mlango hufungwa.

Hapa pana haja ya kwenda polepole, kwa sababu habari hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba kila ukumbusho huifuta na kuiandika upya kumbukumbu nzima. Haiko hivyo. Kumbukumbu yenye nguvu nyingi au iliyozeeka mara nyingi hukataa kulegea. Inaonekana pia kwamba mlango hufunguka hasa pale ukumbusho unapokuja na jambo lisilotarajiwa, yaani pale ambapo ubongo una sababu ya kujisahihisha. Ukumbusho usioleta jipya huweza kupita bila kugusa kitu. Kisha lipo swali la kufutwa kwenyewe. Mwaka 2015 kikundi cha Susumu Tonegawa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts kiliwapa panya wadogo dawa ileile ya anisomaisini mara tu baada ya mafunzo, na hofu haikuonekana kesho yake. Lakini nyuroni zilizokuwa zimewaka wakati wa mafunzo zilikuwa zimetiwa alama ya kijenetiki inayoziwezesha kuitikia mwanga. Zilipomulikwa kwa mwanga wa buluu kupitia uzi mwembamba wa kioo, panya waliganda kwa hofu. Kumbukumbu iliyodhaniwa imefutika ilikuwapo. Kilichokuwa kimezibwa ni njia ya kawaida ya kuifikia. Kwa hiyo mtafiti anaposema amefuta kumbukumbu, kauli salama ni kwamba amezuia isionekane katika hali alizozipima.

Kikundi hichohicho, miaka miwili kabla yake, kilikuwa kimefanya jambo la kutisha zaidi. Panya aliachwa azunguke katika sanduku la kwanza, ambamo hakuna baya lililompata, na nyuroni zilizowaka humo zikatiwa alama. Kesho yake, ndani ya sanduku la pili tofauti kabisa, alipigwa umeme miguuni huku nyuroni za sanduku la kwanza zikiwashwa kwa mwanga. Aliporudishwa katika sanduku la kwanza, aliganda. Alikuwa akiogopa jambo ambalo halikumpata mahali pale.

Kwa binadamu hauhitajiki mwanga wala upasuaji. Neno moja linatosha. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonesha watu 150 filamu fupi ya magari yakigongana, kisha wakawauliza baadhi yao magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana, na wengine wakaulizwa swali hilohilo kwa kitenzi chenye kishindo zaidi, cha kupondana. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hakukuwa na vioo vilivyovunjika. Kati ya 50 waliosikia kitenzi cha kishindo, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia kile cha kawaida, ni 7. Na kati ya 50 ambao hawakuulizwa kabisa juu ya mwendo, ni 6. Baadaye, mwaka 1995, Loftus na Jacqueline Pickrell waliwasimulia watu wazima 24 matukio ya utotoni yaliyotoka kwa ndugu zao, moja likiwa la kubuni: kwamba walipotea katika jengo la maduka wakiwa wadogo. Takriban robo yao walilikubali, ama lote ama sehemu yake, na baadhi wakaongeza mapambo yao wenyewe.

Ni lazima niweke tahadhari. Hakuna aliyethibitisha kwamba kinachotokea kwa mtu anayepotoshwa na swali la Loftus ni mwendo uleule wa protini aliouona Nader katika amigdala ya panya. Huenda taarifa mpya inaiharibu ile ya zamani. Huenda zote mbili zimo na mtu anashindwa kutambua ipi aliiona na ipi aliisikia. Watafiti bado wanabishana, na mwandishi anayezishona tafiti hizi mbili kwa uzi mmoja bila kusema hivyo anamdanganya msomaji wake. Kinachofanana bila ubishi ni hali yenyewe: kuulizwa ni kukumbushwa, na aliyekumbushwa yuko katika hali ya kupokea.

Nchini Marekani, ambako tangu mwaka 1989 mamia ya wafungwa wameachiwa baada ya vipimo vya vinasaba kuonesha kwamba hawakutenda kosa, takriban kesi saba kati ya kila kumi zilikuwa na shahidi aliyemtambua mtu asiye mhusika. Wengi wa mashahidi hao hawakuwa waongo. Walioneshwa nyuso, wakachagua kwa kusitasita, wakasikia sauti ya askari ikiwaunga mkono, wakahojiwa tena na tena, na walipofika mahakamani uso waliokuwa wakiukumbuka ulikuwa wa mtu waliyemwona kwenye picha za polisi. Ndiyo sababu wanasaikolojia husisitiza kwamba anayeendesha gwaride la utambuzi asijue mshukiwa ni yupi, na kwamba uhakika wa shahidi uandikwe papo hapo anapochagua, kwa maneno yake mwenyewe. Uhakika wa dakika ile ya kwanza una thamani ya ushahidi. Ule wa miezi minane baadaye umepikwa na mambo mengi.

Mtu anaweza kudhani kwamba udhaifu huu ni wa wenye kumbukumbu hafifu. Wapo watu wachache sana wawezao kueleza walichofanya karibu kila siku ya maisha yao tangu ujana: ukiwatajia tarehe, hukutajia siku ya wiki na walichokuwa wakifanya, na mara nyingi ni sahihi. Mwaka 2013 Lawrence Patihis na wenzake waliwapima watu 20 wa namna hiyo kwa mitego ya kumbukumbu za uongo. Walinaswa kama watu wengine.

Kwa nini basi ubongo uwe na mfumo unaovuja hivi? Jibu linalonishawishi zaidi lilitoka kwa wagonjwa wenye hipokampasi iliyoharibika. Mwaka 2007, huko London, Demis Hassabis na Eleanor Maguire pamoja na wenzao waliwataka wagonjwa watano wajenge akilini picha ya mambo ambayo hawajawahi kuyapitia, kwa mfano kulala kwenye mchanga mweupe wa ufuo wa bahari ya kitropiki, na kuieleza. Watu wazima wenye afya walieleza mandhari: maji yako huku, miti iko kule, kelele zinatoka upande ule. Wagonjwa, isipokuwa mmoja, walitoa vipande vilivyotawanyika, rangi hapa na sauti pale, bila mahali pa kuvishikiza. Inaonekana mashine inayojenga jana ndiyo inayojenga kesho. Kiumbe anayetaka kukisia yajayo anahitaji vipande vinavyoweza kung'olewa na kupangwa upya, na kumbukumbu iliyogandishwa kama picha ingemfaa kidogo sana. Pia dunia hubadilika: kisima kilichokuwa salama mwaka jana huenda leo kina mamba, na asiyeweza kuifungua kumbukumbu yake na kuisahihisha hatakunywa mara nyingi.

Matatizo huja pale kumbukumbu inapokataa kusahihishwa. Mtu aliyepata kiwewe, awe ameponea vita, ajali au kubakwa, huweza kuendelea kwa miaka kulipitia tukio kana kwamba linatokea sasa. Tiba ya kawaida ya kumkabilisha mgonjwa hatua kwa hatua na kile anachokiogopa huwasaidia wengi, lakini tunajua tangu majaribio ya Mrusi Ivan Pavlov kwa mbwa kwamba itikio lililofundishwa, likizimwa kwa njia hii, halifutiki: ubongo hujifunza somo la pili, kwamba sasa pana usalama, na somo hilo hushindana na lile la kwanza. Muda ukipita, au mazingira yakibadilika, la kwanza huweza kushinda tena. Ndipo ugunduzi wa Nader ulipowavutia waganga. Kama hofu yenyewe hulegea inapoitwa, huenda ikawezekana kuifikia badala ya kuijengea mpinzani.

Anisomaisini ni sumu kwa mtu. Merel Kindt na wenzake huko Amsterdam walitumia propranololi, dawa ya zamani ya moyo na shinikizo la damu, inayokinga seli dhidi ya noradrenalini, kemikali inayoamshwa na taharuki na inayosaidia kumbukumbu za hofu kukaa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009, watu wenye afya walifundishwa kuogopa picha ya buibui kwa kupigwa umeme mkononi, na siku ya pili wakapewa dawa kisha wakakumbushwa. Siku ya tatu, picha ilipotokea pamoja na kelele kali, kope zao hazikupepesa tena kwa mshtuko mkubwa kuliko ilipotokea picha isiyo na umeme. Ajabu ni kwamba walijua vizuri kabisa, na walisema, kwamba picha ile ndiyo inayoleta umeme. Ujuzi ulibaki, mwili ndio uliosahau kuogopa.

Mwaka 2018 Alain Brunet na wenzake wa Montreal waliripoti juu ya watu 60 wenye maradhi ya msongo baada ya kiwewe. Mara moja kwa wiki, hadi wiki sita, kila mmoja alimeza kidonge, akasubiri dakika tisini, kisha akayapitia maelezo aliyoyaandika mwenyewe ya tukio lililomjeruhi. Waliopewa propranololi walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Ni habari njema, lakini idadi ya watu ni ndogo, na yapo majaribio mengine ya propranololi, yakiwamo ya maabara ya Kindt mwenyewe, ambayo hayakutoa matokeo yaliyotarajiwa. Tatizo ni kwamba hakuna kipimo kinachomwonesha mganga, mgonjwa akiwa ameketi mbele yake, kama mlango umefunguka au la. Ukumbusho mfupi mno haufungui. Mrefu mno huanzisha somo lile la pili, na dawa huenda ikaliharibu hilo badala ya hofu.

Jaribio ninalolirudia mara kwa mara ni la Kindt na Marieke Soeter, la mwaka 2015, lililohusu watu 45 wenye hofu kali ya buibui. Waliwekwa karibu na buibui mkubwa mwenye manyoya kwa dakika mbili hivi, muda wa kutosha kutetemeka na usiotosha kutulia, na mara hiyo baadhi yao wakapewa kidonge kimoja cha propranololi cha miligramu 40. Wengine walipewa kidonge kitupu, na wengine dawa bila kuoneshwa buibui. Katika siku zilizofuata, waliokutana na buibui kisha wakameza dawa waliweza kumsogelea na kumgusa, na mabadiliko hayo yalikuwapo bado mwaka mmoja baadaye. Makundi mengine mawili hayakubadilika. Lakini walipoulizwa kama wanaogopa buibui, watu hao waliokuwa tayari kumgusa waliendelea kwa miezi kadhaa kujaza katika fomu kwamba, ndiyo, wanaogopa.